Kware wa Kumkomesha Shemeji

Tarehe 2, mwezi wa tatu

Binti yangu kanipa kitabu hiki niandike kila siku kama nimekunywa dawa ya presha. Yeye ni nesi, anadhani kila binadamu ni mgonjwa wake. Dawa nimekunywa. Sasa ukurasa umebaki mtupu mpaka chini, niuache hivyo? Mimi si mtu wa kupoteza nafasi. Nusu ya nyumba za mtaa huu nimezijenga kwa mikono hii. Shule nilikwenda ile ya watu wazima tu, ya jioni, na mwalimu alisema mistari yangu imenyooka kama ukuta. Basi nitaandika mambo yangu.

Jambo la kwanza ni hili: nitamkomesha Sindano.

Tarehe 3

Dawa nimekunywa. Mawingu, lakini mvua bado.

Nieleze vizuri. Sindano ni shemeji yangu, kaka wa marehemu mke wangu. Ni fundi cherehani. Nyumba yake na yangu zinachangia ukuta wa uani, na ukuta huo nimeujenga mimi. Dirisha lake la kazini liko juu yake, linachungulia uani kwangu kama jicho la mbea. Mke wangu alikuwa na njiwa wake kwenye tundu, hapo hapo chini ya dirisha. Wiki ya pili baada ya mazishi nikatoka chumbani, tundu hakuna. Nikamwuliza Sindano. Akasema, "Nimewachukua mimi, shemeji. Walikuwa wa dada yangu." Basi. Kawapeleka wapi, hasemi. Kawauza, kawala, hasemi.

Miaka miwili sasa. Tukikutana njiani ananiamkia, mimi natazama viatu vyangu.

Nimewahi kufikiria kuliziba lile dirisha kwa tofali. Binti akalia. Lakini juzi nilipita sokoni nikasikia ndege analia ndani ya kikapu, sauti kama geti la chuma lililokosa mafuta. Nikasimama pale pale. Nikasema, Mungu si Athumani, wala si wa Sindano peke yake.

Tarehe 5

Dawa. Nimekwenda sokoni kwa yule mama anayeuza ndege.

Akaniuliza, "Kware unawataka wa mayai, mzee, au wa kutazama?"

"Wa kelele."

"Watu wote huulizia wasio na kelele."

"Mimi si watu wote."

Akacheka, akanionyesha aina tatu. Wa kwanza wadogo, mmoja anajaa kiganja tu, dume ana kifua cha bluu na koo la madoa meusi na meupe kama kavaa tai. Wazuri, sikatai. Nikatega sikio. Sauti yao ni kama mtu anayepuliza chai. Nikasema hapana, hawa wape maharusi.

Wa pili wakubwa, wa ng'ambo, wanapiga mluzi. Mama akasema, "Hawa wanaruka kweli kweli, wanataka banda refu lenye vichaka, na usiwachanganye na wenzao, watawaumiza. Ila mluzi wao mtamu, watu wanaupenda."

"Mtamu?"

"Mtamu sana."

"Basi sitaki. Simnunulii mtu starehe."

Wa tatu ndio hao wa Kijapani. Wanene, hawana shingo, wanatembea kama mahakimu. Jike ana madoa kifuani, dume kifua chake rangi ya kutu. Hao hukaa chini, hawataki matawi ya kulalia, jike anataga karibu kila siku. Nikasema sijaja kwa habari ya mayai. Wakati huo huo dume mmoja akanyanyua kichwa akatoa ile sauti ya geti. Nywele za mkononi zikanisimama kwa furaha.

"Ndiyo huyu," nikasema. "Nifanyeje aite zaidi?"

Mama akanitazama kwanza. "Dume akiwa na majike hutulia. Ukimtenga peke yake huita tangu alfajiri, anatafuta mke. Ila mzee, jirani zako…"

"Jirani zangu waniachie mimi."

Tarehe 6

Dawa. Binti hataki wa Kijapani. "Baba, chukua wale wadogo wa bluu. Utakaa barazani unawatazama huku unakunywa chai yako, unapumzika."

Nimemwambia nimestaafu ujenzi, sijastaafu maisha.

Tarehe 9

Dawa. Nimejenga banda. Watu wamepita kuangalia. Msingi wa tofali, wavu wa chuma pande tatu, mgongo wake ukutani kwa Sindano, chini kabisa ya dirisha. Juu bati. Kimo chake kinanifika kiunoni ili nisipate tabu kuinama. Upande mmoja majike, upande mmoja madume, katikati nimeweka mbao wasionane. Tofali nazikata kwa mwiko kwa pigo moja, hazibabuki, ukingo unatoka kama mkate uliokatwa na kisu. Hakuna fundi mwingine mtaa huu anayekata hivyo, na waliojaribu wana vidole vichache.

Nilipokuwa napigilia bati Sindano akatoa kichwa dirishani, tepu shingoni.

"Shemeji, kware hao?"

Nikapigilia.

"Shemeji, bati litawaua. Nimewashonea wafugaji dari nyingi. Kware akishtuka hakimbilii mbele, anaruka juu wima kama kizibo cha soda. Ama banda liwe fupi kabisa asipate mwendo, ama juu uweke kitambaa, kilegee."

Nikamjibu, maneno ya kwanza kwa miaka miwili: "Wewe shona suruali."

Akafunga dirisha. Nimelala vizuri sana.

Tarehe 11

Dawa. Ndege wamefika. Majike wanane, madume wanne. Wamejificha kwenye kona, hawasemi kitu. Najua safari inachosha.

Tarehe 12

Dawa. Kimya.

Tarehe 13

Dawa. Kimya. Kesho wasipoita narudi sokoni.

Tarehe 14

WAMEITA. Alfajiri, kabla hata jogoo wa mtaa hajafumbua jicho. Mmoja alianza, wa pili akamjibu, wote wanne wakawa wanagombana kama madalali. Nilikuwa kitandani nacheka mpaka binti akagonga mlango akidhani nimepatwa na kitu. Dirisha la Sindano likawaka taa. Dawa nimekunywa kwa maji ya furaha.

Tarehe 17

Dawa. Wanaita. Taa ya Sindano inawaka wakianza. Hajaja kulalamika. Ngoja.

Tarehe 20

Dawa. Mvua ya kwanza, ndogo. Upepo ulitaka kubeba bati, nimelibana. Mvua haikuwazuia ndege kuita. Hao ni wanajeshi.

Sindano hajaja.

Tarehe 24

Madume wamepigana. Mmoja kachunwa utosi, damu mpaka mgongoni. Nikamwuliza mama wa ndege, akasema nilijua tu, madume hawakai pamoja, gawa. Kwa hiyo nimejenga vyumba vinne, kila bwana na chumba chake, kama mahabusu. Faida yake wanaita zaidi. Sauti inagonga ukuta inapanda moja kwa moja dirishani. Mimi ndiye niliyeujenga ukuta, najua unavyorudisha sauti.

Dawa nimekunywa.

Tarehe 27

Leo nimekutana na Sindano dukani. Macho mekundu. Moyo ukaruka. Nikamngoja aseme. Akaniamkia kama kawaida, "Shikamoo, shemeji," maana mimi namzidi miaka mitatu. Kisha akasema, "Yule wa mwisho kushoto sauti yake imekauka. Mpe majani mabichi."

Mtu gani huyu? Unampiga, anakuuliza kama mkono umekuuma.

Dawa. Majani nimempa, lakini kwa sababu zangu mwenyewe.

Tarehe 2, mwezi wa nne

Dawa. Mvua kila siku sasa. Majike wametaga, mayai ya madoadoa kama yamemwagiwa wino. Binti anayakusanya.

Tarehe 5

Nimegundua mayai yanakwenda wapi. Nimemwona binti kwa macho yangu anapitisha kibakuli juu ya ukuta na mkono wa Sindano unapokea!

Nikamwambia, "Unamlisha adui yangu mayai ya jeshi langu?"

"Ni mjomba wangu, baba."

"Ni mwizi wa njiwa."

Akanitazama kama anataka kusema neno, akalimeza. Siku hizi anameza maneno mengi, huyu mtoto. Akasema tu, "Umekunywa dawa?"

Nimekunywa.

Tarehe 8

Dawa. Mvua. Nimeongeza vipande vya bati pembeni sauti isitawanyike. Binti kasema, "Baba, hasira zako hazichoki?" Nimemwambia zege zuri hukaza kadiri linavyokaa. Akaenda kazini bila kuniaga.

Tarehe 9

Dawa. Mvua.

Tarehe 10

Dawa. Mvua. Wanaita. Taa inawaka. Hasemi.

Tarehe 11

Mvua. Nimeanza kumchukia zaidi kwa kutosema. Wiki zote hizi nimengoja neno moja: "Shemeji, nimekoma." Nikilisikia nitawaweka madume na wake zao siku hiyo hiyo. Si mengi ninayotaka.

Tarehe 14

Sijui nianzie wapi. Mistari yangu inapinda leo.

Leo baada ya chakula cha mchana mbingu ilikuwa nyeusi kama sufuria. Nilikuwa barazani. Ikaja radi moja, haikuanza mbali ikakaribia, ilipasuka hapa hapa juu, na mvua ya mawe ikamwagika kwenye bati. Nikasikia mlio ndani ya banda. Du! Du! Du! Nilidhani ni mvua ya mawe. Lakini mvua hupiga kutoka juu, na huu mlio ulikuwa unatoka chini.

Nikatoka bila kofia. Walikuwa wanaruka wima, mmoja baada ya mwingine, vichwa vinagonga bati, wanaanguka, radi inapiga, wanaruka tena. Nikafungua milango nikatia mikono nikawa nawakandamiza chini kwa viganja, wawili huku, wawili kule, lakini mikono ni miwili tu. Nilipiga kelele, na kelele yangu ikawashtua zaidi.

Ilipotulia walikuwa wamelala kila mahali. Yule wa kushoto aliyekuwa amekaukiwa sauti alikuwa amenyoosha miguu, utosi umefunguka. Majike sita. Madume watatu. Nimewapanga kwenye gunia kwa mstari.

Kisha nikaliona tofali. Nusu tofali, katikati ya vipande vya mawe ya barafu, chini ya ukingo wa banda, na bati juu yake limebonyea. Nikatazama juu. Dirisha la Sindano lilikuwa wazi.

Nikasema kumbe. Kumbe ndivyo. Alikuwa amenyamaza anatafuta siku yake, na radi imempa siku. Karusha tofali kwenye bati!

Nililichukua lile tofali nikazunguka barabarani, maji mpaka kwenye vifundo vya miguu. Binti alikuwa ndio kwanza anatoka kazini, akanikuta getini kwa Sindano nagonga kwa hilo tofali.

"Baba, umelowa! Kuna nini?"

"Toka wewe muuaji!" nilikuwa namwambia Sindano. "Njiwa hukushiba, umekuja kwa kware!"

Sindano akafungua. Alikuwa amelowa pia, mpaka kwenye vipande vya uzi nguoni. Akasema, "Shemeji, nilifungua dirisha nikuite uondoe bati. Hukunisikia."

"Na hili?" Nikamwonyesha tofali. "Hili nalo uliliita?"

Alilitazama tu. Binti naye akalitazama, akanishika kiwiko, sauti yake ya hospitali, ile ya chini.

"Baba. Ligeuze."

Nikaligeuza.

Ukingo wake ulikuwa umekatwa kwa pigo moja. Haujababuka popote. Kama mkate.

Siku ile ya upepo nililiweka mwenyewe juu ya bati kulibana. Mvua imeliporomosha. Niliweka, nikasahau. Nimesimama pale getini kwa watu na tofali langu mkononi, maji yananitiririka mpaka ndani ya masikio, na sikuwa na pa kulipeleka.

Hapo ndipo binti alipotema yale aliyokuwa anayameza.

"Njiwa nilimpa mimi, baba. Mimi ndiye niliyemwita mjomba aje awachukue."

Nikasema, "Usimtetee."

"Simtetei. Mama alipokufa ulikaa mbele ya lile tundu kutwa nzima. Uliwaita njiwa kwa jina la mama. Maji hukuwapa, chakula hukuwapa, wewe mwenyewe hukula. Wawili walikufa mbele yako na ukaendelea kuzungumza nao. Nilikuwa narudi kazini nakukuta hapo hapo, giza limeingia. Ningefanya nini? Nikamwambia mjomba, wachukue waliobaki, mpelekee mtu mwenye nafasi. Akasema, ‘Baba yako atakasirika.’ Kisha akasema, ‘Basi anikasirikie mimi, wewe ndiye unayeishi naye nyumba moja.’"

Nikamtazama Sindano. Alikuwa anakung'uta uzi kwenye mkono wa shati, uzi ambao haukuwepo.

Hayo ya njiwa siyakumbuki. Nimejaribu tangu jioni. Nakumbuka tundu halipo. Kabla ya hapo hakuna kitu, kama ukuta uliopigwa chokaa.

Dawa sijanywa.

Tarehe 15

Dawa nimekunywa mbili kwa sababu ya jana. Binti kanigombeza, kasema dawa hailipwi kama deni. Nimewazika ndege nyuma ya choo.

Tarehe 16

Cherehani ya Sindano imelia tangu asubuhi.

Nimewaza sana. Watu watadhani sasa sina kisa naye. Ninacho, tena kikubwa zaidi. Mtu huyu amebeba hasira yangu miaka miwili bila kuniomba ruhusa. Nimemchukia kwa nguvu zangu zote, mchana na usiku, na yeye akaipokea kama mzigo wa mtu mwingine anaomshikia kituoni. Kanifanya mjinga. Huo nao ni wizi.

Dawa.

Tarehe 18

Dawa. Leo kitu kimerushwa juu ya ukuta kikaangukia uani. Ni dari ya kitambaa, imeshonwa mara mbili, ndani ina sufi, pembe zote nne zina vishikizo vya kamba. Nikaipima kwenye banda. Imekaa kama imezaliwa humo. Hakuwahi kuingia uani kwangu kupima, kwa hiyo kalipima banda kwa macho, dirishani, na sijui lini.

Nikaitafuta kasoro mshono hadi mshono. Hakuna. Nimeudhika.

Nimeifunga. Sikumshukuru, na sitamshukuru. Hiyo ndiyo adhabu ya kuanzia.

Tarehe 21

Dawa. Dume mmoja aliyebaki nimemtia kwa majike wawili. Kimya kabisa. Dirisha la Sindano halikuwaka taa alfajiri.

Tarehe 22

Kimya. Taa haikuwaka.

Tarehe 23

Kimya, na taa haikuwaka mpaka jua limetoka. Nikamwambia binti aende kumtazama mjomba wake. Kaniambia, "Nenda mwenyewe."

Nikaenda. Sindano alikuwa amekaa kwenye cherehani bila kushona, mzima, mguu umevimba kidogo kama kawaida yake.

"Nimekuja kuona kama umekufa," nikamwambia.

"Karibu, shemeji. Bado."

"Taa huwashi siku hizi."

"Niamke kufanya nini? Hakuna anayeniamsha."

Nikakaa bila kukaribishwa kiti. Nikamwuliza kitu kilichokuwa kinanikaba. "Zile kelele. Zilikukera au hazikukera? Usinidanganye."

"Zilinikera!" Akapiga meza, pini zikaruka. "Kila alfajiri nimekutukana, shemeji, matusi ambayo dada yangu angenifinya mdomo. Umenitia kichaa."

Mwili wangu wote ukapoa. Nilitaka kumkumbatia.

"Mbona hukusema?"

"Nikisema ungeacha." Akaokota pini moja moja. "Kuna siku nyingi mwaka juzi, nilikuwa nachungulia hapa dirishani nasikiliza kama kuna kitu kinatikisika uani kwako. Kikombe, kikohozi, chochote. Hakuna. Nikawa nashindwa kushona. Afadhali yule ndege. Nikimsikia nasema, haya, mzee mbaya ameamka."

Nilimwambia mshono wa tatu wa ile dari umepinda. Haukupinda.

Dawa nimekunywa.

Tarehe 25

Mvua zinapungua. Dawa.

Nimerudi sokoni. Mama wa ndege kanitolea aina zile zile tatu, kaziweka chini kwa mstari. Habari za radi amezisikia. Akasema kwa upole, "Mzee, safari hii nakushauri hawa wadogo wa bluu. Hawana shida, hawana fujo. Utasahau hata kama wapo."

Nimesimama pale muda mrefu mpaka wateja wengine wakanizunguka. Maana sasa najua. Nikitaka kumuumiza Sindano kweli, silaha ni hii hapa, inajaa kiganja, ina tai ya madoa. Namwekea uani hawa wapuliza chai, na mimi mwenyewe natembea bila viatu, naweka kikombe juu ya kitambaa. Ataning'inia dirishani kutwa. Hakuna kisasi kilichowahi kupimwa vizuri kama hiki. Kingemfika mpaka kwenye mfupa.

Nimemwambia mama, "Nipe wa Kijapani. Dume. Yule mwenye sauti mbaya kuliko wote."

"Kuna huyu. Hata mimi nilitaka kumchinja."

"Huyo huyo."

Tarehe 26

Alfajiri ameita. Sauti si ya geti, ni ya geti na mbwa aliyebanwa nalo. Taa ya Sindano ikawaka. Dirisha likafunguka kwa kishindo.

"Shemeji! Mnyonge shingo huyo shetani!"

"Bado hujaona kitu!" nikamjibu kutoka kitandani. "Shikamoo yangu iko wapi?"

Kisha nikasikia, "Shikamoo, mzee mbaya."

"Marahaba."

Binti alikuwa anacheka jikoni, akidhani simsikii. Asidhani nimesamehe mtu. Nitamkomesha huyu Sindano kila alfajiri mpaka mmoja wetu azikwe, na asithubutu kutangulia.

Dawa nimekunywa.